Picha ya Abu Hamour Haioni Mdomo: Historia Fupi ya Kupima Hatua za Saratani ya Kinywa



Mtu yeyote wa kwetu aliyekuja Qatar kwa kazi, awe mlinzi, dereva, yaya, mhandisi au mwalimu, anaijua Abu Hamour hata kama hakai huko. Wakristo wetu wanaijua kwa eneo la makanisa lililoanza kutumika mwaka 2008. Wengine wameizoea kwa shule za Kihindi na maduka. Lakini karibu sote tumeijua kwa jambo moja: ndiko iliko Kamisheni ya Tiba, mahali mgeni anapopelekwa siku zake za mwanzo apimwe ndipo apate ukaazi. Unatolewa damu, unavua shati, unakumbatia sahani ya mashine, unaambiwa vuta pumzi, shikilia, haya toka. Na kabla ya hapo ulishapigwa picha kama hiyo Nairobi, Dar au Kampala, katika zile kliniki watu walizozoea kuziita GAMCA. Yaani vifua vyetu vimepigwa picha kuliko vya jamaa zetu wote tuliowaacha nyumbani.

Sasa basi, nimesikia si mara moja watu wakisema, "Mimi nilipimwa Abu Hamour, mzima kabisa." Mmoja wao, kijana wa pwani, aliyasema hayo huku anageuza ulimi kukwepa kidonda ambacho kwa maelezo yake kilikuwa na miezi mitatu. Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mimi si daktari, ni mtu wa historia, na historia ya picha za tiba inafundisha jambo moja wazi: picha hujibu swali iliyoulizwa tu. Picha ya Abu Hamour inaulizwa kuhusu kifua kikuu. Mdomo haijaulizwa. Na hata zile picha zinazoulizwa kuhusu mdomo, kazi yake kubwa ni kueleza ugonjwa umefika wapi baada ya jicho la mtu kuuona kwanza. Naomba niieleze safari hiyo, maana kuna mengi ndani yake yanayotuhusu sisi wenyewe.

KAA NA TAMBUU

Nianze na neno. Saratani tumeichukua kwa Waarabu, na kwao maana yake ya asili ni kaa, huyu wa baharini. Wagiriki nao waliita karkinos, kaa huyohuyo. Mganga wa kale aliona uvimbe katikati na mishipa imetambaa pembeni kama miguu. Ukitafakari, suala zima la hatua za ugonjwa liko ndani ya jina: mwili wa kaa una ukubwa gani, na miguu imefika wapi?

Kwa saratani ya kinywa, watu wa pwani tuna historia yetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa sahani ya majani ya tambuu na popoo, kama heshima ya kumkaribisha. Desturi hiyo imeishi Lamu, Mombasa, Unguja na Pemba karne na karne. Harusi bila tambuu ilikuwa haijakamilika. Na neno uraibu, ambalo siku hizi magazeti yanalitumia kwa watu walionaswa na madawa au simu, katika kamusi za zamani ni hivyo vitafunwa vyenyewe: tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Lugha ilikwishajua kwamba kitu hiki kinamshika mtu.

Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani la IARC, lenye makao yake Lyon, lilichapa uamuzi wake kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, inasababisha saratani kwa binadamu. Ongeza hapo ugoro, kuberi, sigara na pombe (hizi mbili zikikutana, madhara yanazidishana), na hapa Ghuba ongeza sweika, tumbaku ya kuweka mdomoni. Qatar ilipiga marufuku sweika na tumbaku ya kutafuna kwa sheria namba 10 ya mwaka 2016. Ni ugonjwa wa watu wengi: kwa makadirio ya mwaka 2020, watu karibu 378,000 duniani waligunduliwa na saratani ya midomo na kinywa katika mwaka huo mmoja, na wengi walikuwa Asia ya Kusini.

KABLA YA PICHA

Kabla ya mashine yoyote, kipimo kilikuwa jicho na kidole. Al-Zahrawi, tabibu mkubwa wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013 hivi, aliandika kwamba saratani ikiwa ndogo na iko mahali panapofikika, yaweza kukatwa. Ikishakuwa kubwa na ya muda mrefu, usiiguse, na yeye mwenyewe hakuwahi kuponya hata moja ya namna hiyo. Ukiangalia vizuri, huo tayari ni mgawanyo wa hatua. Zilikuwa mbili tu: inayokatika na isiyokatika.

Mwaka 1906 daktari mpasuaji George Crile wa Cleveland, Marekani, alichapa maelezo ya upasuaji 132 wa kichwa na shingo. Hoja yake ilikuwa kwamba saratani za mdomo kwa kawaida hazikimbilii mbali kwanza. Zinashuka shingoni, kwenye tezi. Kwa hiyo ukikata mdomo ukaiacha shingo, umefanya nusu ya kazi. Tangu hapo swali la shingo halijaondoka.

Mgonjwa maarufu wa enzi hizo ni Sigmund Freud, mvutaji mkubwa wa siga. Aligunduliwa na saratani ya kinywa Vienna mwaka 1923, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30, akafia London mwaka 1939. Miaka 16 ya kukatwa na kukatwa tena. Eksirei ilikuwapo wakati wote huo. Kwa nini basi haikutosha?

EKSIREI: BINGWA WA MIFUPA NA MAPAFU

Wilhelm Conrad Röntgen aliigundua mionzi hiyo Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Ilienea kwa kasi ya ajabu. Kufikia 1898 daktari wa jeshi la Waingereza, Battersby, alikuwa tayari na mtambo huko Sudan, karibu na mto Nile, akitafuta risasi ndani ya miili ya askari.

Risasi na mfupa vinaonekana vizuri kwa sababu vinazuia mionzi. Mapafu yanaonekana vizuri kwa sababu ni hewa, na doa lolote ndani yake linajitokeza. Ulimi je? Ulimi ni nyama, na uvimbe ndani ya ulimi ni nyama ndani ya nyama. Kwenye eksirei ya kawaida vyote ni ukungu uleule. Hata mfupa wa taya una ujanja wake: inabidi upoteze kama asilimia 30 hadi 50 ya madini yake ndipo picha ionyeshe kwamba umeliwa. Yrjö Paatero wa Finland alitengeneza njia ya kupiga taya zima kwa picha moja ya kuzunguka uso, ile ambayo madaktari wa meno wanaitumia mpaka leo. Ni msaada mkubwa, lakini nayo inaona mfupa tu, na inachelewa.

Kifuani mambo yalikwenda njia nyingine. Robert Koch alitangaza kijidudu cha kifua kikuu Berlin mwaka 1882. Mwaka 1936 Manuel de Abreu wa Rio de Janeiro akabuni namna ya kupiga picha ndogo za kifua kwa bei nafuu, mamia ya watu kwa siku. Hapo ndipo ukaanza utaratibu wa kupanga watu foleni, wanafunzi, wanajeshi, vibarua, wahamiaji, na kuwatazama vifua. Foleni ya Abu Hamour ni mjukuu wa Abreu. Na tusisahau kwamba Koch alifika kwetu: mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam akitafiti malaria. Hospitali ya Wajerumani ya wakati huo, pale ufukweni, leo ni Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoundwa rasmi mwaka 1996. Ndiyo historia ilivyo.

HATUA ZIKAPATA LUGHA

Watu wengi wanadhani mashine ndizo zilizoleta hatua za saratani. Kumbe lugha ya hatua ilitangulia mashine kubwa. Mfaransa Pierre Denoix, kati ya 1943 na 1952, alipanga utaratibu wa herufi tatu: T kwa ukubwa na mwenendo wa uvimbe wenyewe, N kwa tezi, M kwa kusambaa mwilini. Mwili wa kaa, miguu ya karibu, miguu ya mbali. Umoja wa kimataifa dhidi ya saratani (UICC) ulitoa kijitabu chake cha kwanza cha aina zote mwaka 1968. Faida yake ni hii: daktari wa Mumbai, wa Kampala na wa Doha wakisema T2 N1 M0, wanazungumzia kitu kimoja.

Kampala nimeitaja kwa makusudi. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, Burkitt akamwona mtoto wa kike mwenye taya kama zile, na tumboni mna uvimbe. Hapo akagutuka: taya na tumbo ni ugonjwa mmoja! Aliandika habari zake mwaka 1958, na limfoma hiyo sasa ina jina lake. Si saratani ile ya utando wa mdomo inayowapata watu wazima wa tambuu na sigara. Ni ugonjwa mwingine kabisa. Lakini somo ni lilelile: usimalize mgonjwa mdomoni. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilipoanzishwa Mulago mwaka 1967, madaktari wake walitengeneza hatua za ugonjwa huo, A hadi D, kwa kuuliza hasa swali la Burkitt: uko taya tu, au umefika na tumboni? Maswali sahihi yalitangulia mitambo ya gharama.

MASHINE TATU, MASWALI MATATU

Mashine ya kwanza ina mkono wa Mwafrika. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, mwaka 1956 alikuwa mwanafizikia wa muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Alijiuliza: mionzi ikipita mwilini kutoka pande nyingi, hesabu haiwezi kutuambia kila sehemu ya ndani ina uzito gani? Alichapa majibu yake 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali. Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI ya Uingereza (ndiyo, ileile ya santuri za The Beatles) aliifikia njia hiyo peke yake, na tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa skani ya CT ya kichwa katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Wawili hao walipewa Nobel ya tiba mwaka 1979, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa daktari.

Kwa saratani ya kinywa, CT hujibu hasa swali la mfupa: ganda gumu la taya limevunjwa? Pia inazionyesha tezi za shingo. Udhaifu wake ni meno yaliyozibwa kwa madini, ambayo hutupa miale kwenye picha ikafunika palepale panapotafutwa. Tena shavu na ufizi hulaliana, huwezi kujua kidonda ni cha upande upi. Mafundi wana dawa ya hilo: mgonjwa anaambiwa avimbishe mashavu kama anayepuliza puto, hewa inaingia katikati, na kidonda kinaonekana kimesimama peke yake. Haigharimu hata senti.

Ya pili ni MRI. Paul Lauterbur aliandika juu yake 1973, na yeye na Peter Mansfield wakapata Nobel mwaka 2003. Hii haitumii mionzi ya eksirei, inatumia sumaku, na inatenganisha nyama na nyama. Hujibu swali la kina: uvimbe umezama kiasi gani ndani ya ulimi, na uboho wa taya umeingiliwa?

Swali la kina limekuwa kubwa zaidi tangu toleo la nane la utaratibu wa TNM, lililotoka mwaka 2016 na kuanza kutumika Marekani tarehe 1 Januari 2018. Zamani T ya kinywa ilipimwa kwa upana. Toleo hilo likaongeza kina. Chukua kidonda cha sentimita moja na nusu kwenye ulimi. Kikizama milimita 5 au chini yake ni T1. Kikizama milimita 8 ni T2. Kwa maandishi ya kwanza ya toleo hilo, kikizama milimita 12 kilikuwa T3, hata kama kwa juu unakiona kama ukucha tu. Mfupa wa taya ukiliwa kweli, si kukwaruzwa juujuu kwenye tundu la jino, ni T4a, na hiyo ni hatua ya nne hata kama tezi zote ni salama. Tezi moja ya upande uleule, isiyozidi sentimita 3 na ambayo saratani haijapasua ganda lake, ni N1, na inamfikisha mwenye uvimbe mdogo hatua ya tatu.

Ya tatu ni PET. Otto Warburg aliona tangu miaka ya 1920 kwamba chembe za saratani zina uroho wa sukari. Mwaka 1976 huko Pennsylvania binadamu wa kwanza alichomwa sukari yenye alama ya mionzi, ili pale inapoliwa kwa wingi pang'ae. PET hujibu swali la M: kaa ameshafika mapafuni, au kwingine? Lakini sukari hiyo hupoteza nusu ya nguvu yake kila dakika 110. Huwezi kuiagiza kwa meli. Lazima mtambo wa kuitengeneza uwe jirani, ndiyo maana Afrika Mashariki tulichelewa sana kuipata, na Nairobi ilifikiwa mwishoni mwa miaka ya 2010 tu.

PICHA NAYO INA MIPAKA

Isidhaniwe kwamba mashine zikishakuwapo, basi yamekwisha. MRI mara nyingi huzidisha kina kwa milimita kadhaa, kwa sababu uvimbe wa kuumia unafanana na uvimbe wenyewe. PET hung'aa kwenye saratani, na hung'aa vilevile kwenye kifua kikuu. Kwa mtu wa kwetu, tezi ya shingo inayong'aa inaweza kuwa ya kijidudu cha Koch! Kwa hiyo inachomwa sindano, mara nyingi kwa kuongozwa na altrasaundi, na maji yake yanatazamwa kwa darubini.

Kuna na kosa la upande wa pili. Mwaka 2015 madaktari wa hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, walichapa matokeo ya wagonjwa wa saratani ya kinywa ya mapema ambao shingo zao zilionekana safi. Nusu waliondolewa tezi za shingo papo hapo, nusu walisubiriwa mpaka zivimbe. Baada ya miaka mitatu, walio hai kundi la kwanza walikuwa asilimia 80, la pili asilimia 67.5. Na katika zile shingo "safi" zilizokatwa, karibu 30 kati ya 100 zilikutwa na saratani. Crile wa 1906 alikuwa na hoja.

TUFANYE NINI SISI

Turudi kwa kijana wetu na kidonda chake. Hatua ya kwanza ya ugonjwa huu inaonekana kwa taa na kioo kidogo cha daktari wa meno. Kidonda, au doa jeupe au jekundu, lisilopona kwa wiki mbili hadi tatu, lionwe. Kinakatwa kinyama kidogo, kinapimwa. Kikiwa saratani ndipo picha zinaingia kazini, kila moja na swali lake, na majibu yake yanaamua kama utakatwa kipande kidogo cha ulimi au nusu ya taya. Qatar vifaa vipo. Kituo chake cha taifa cha saratani kilianza mwaka 2004 kwa jina la Hospitali ya Al Amal. Kinachotukwamisha wengi ni kuchelewa: kuogopa kazi itapotea, kuona kidonda ni cha joto tu, na lile cheti la kifua tulilolifanya kinga ya mwili mzima.

La mwisho linawahusu wana-lugha. Wagonjwa wetu wanachanganya vitu viwili, kwa sababu sisi tumevichanganya kwanza. Kinyama kilichopimwa kwa darubini kinaeleza ukali wa chembe. Picha zinaeleza ugonjwa umefika wapi. Nimeona karatasi za Kiswahili zikiita vyote "kiwango". Napendekeza ukali uitwe daraja, na ufikaji uitwe hatua, tusitoke hapo. Mtu aliyeambiwa "daraja la tatu" akaelewa "hatua ya tatu" anaweza kukata tamaa akapanda ndege kurudi kufia nyumbani, na kumbe uvimbe wake ni T1 wa kukatwa na kwisha. Mkalimani anayekaa katikati ya daktari na mlinzi wa Kiganda au dereva wa Kitanga amebeba uhai wa mtu kwenye neno moja.

Wenye ujuzi wa tiba, na wenye kamusi bora kuliko zangu, mnisahihishe na kuongeza. Hasa nangoja maoni juu ya hayo maneno mawili.

Wasalaam.